Mkwe Aliyekula Kuku Kabambare

Grégoire alikuwa fundi wa matofali hapa Kasongo, mtu mnene, mwenye sauti nzito na haya nyingi. Ukimsifu kwa ukuta aliojenga, aliupigapiga kwa kiganja kama vile ukuta wenyewe ndio uliofanya kazi, halafu akaondoka.

Kitu kimoja tu kilimtoa haya, nacho ni chama cha Mwangaza. Chama hicho kilianza mwaka 1952, pale makarani, walimu na mafundi wachache walipozoea kukutana baada ya kazi na kusomeana magazeti. Polepole kikapata kwaya, kikapata masomo ya jioni kwa watu wazima, mwishoni kikapata michezo ya kuigiza. Grégoire akawa Bwana Tumbo, mlafi anayekula kuku peke yake huku wageni wanabisha hodi. Mashavu yanajaa, macho yanamtoka, paja la kuku linaingia ndani ya kofia. Watu wa Kasongo walicheka hadi wakashikana mabega.

Baadaye chama kikataka tawi Kabambare. Kule kulikuwa na depo ya pamba iliyobaki tupu, na shefu, mkuu wa eneo lile, ndiye aliyeishika. Jean-Baptiste, karani aliyeongoza chama, akaenda kumwomba.

"Nyumba ya kusomea?" shefu akasema. "Leteni kwanza huo mchezo wa kuku ninaousikia. Watu wangu wakifurahi, depo iko yenu. Wakipiga miayo, naweka mbuzi wangu."

Wakaenda na lori la pamba, wakaimba njia nzima. Mbele ya depo wakapanga mbao za jukwaa na kutundika mikeka kuwa pazia. Jean-Baptiste, kwa wema wake, akafanya jambo moja bila kumwambia mtu. Alijua kwamba Léontine, mke wa Grégoire, ni binti wa Wamaza, upande ule ule wa Kabambare. Basi alituma watu wakamwite mama yake, Mama Marguerite, akamwekea kiti mbele kabisa, karibu na shefu.

Grégoire akachungulia kwenye mikeka, akamwona. Akarudi nyuma, akamkamata Jean-Baptiste mkono. Kwa wakwe zake mwanamume hali mbele ya mama wa mke wake. Hata kutazamana hawatazamani; wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini hadi mwenzake apite.

"Jean-Baptiste, ndugu yangu, umeniua."

"Nimekupa heshima!"

"Heshima gani? Nitafune kuku mbele ya mama mukwe? Léontine atarudi kwao na nyama iko bado kwenye meno yangu!"

Jean-Baptiste akashika kichwa. "Nilifikiria mgeni. Kuku nilimsahau."

"Basi cheza wewe."

"Mimi? Mwembamba hivi? Watasema Bwana Tumbo ana minyoo."

Ngoma ikapigwa kumwita Bwana Tumbo. Hakutoka. Ikapigwa tena. Watu wakaanza kunung'unika, na shefu akasema kwa sauti, "Mbuzi wangu wanasikia baridi!"

Grégoire akajitokeza, kofia imemfunika macho, akakaa mbele ya sahani na kuinama. Kuku alinukia mawese. Mkono haukwenda. Watu wakamtazama yeye, kisha mama aliyekaa karibu na shefu, wakaelewa kwamba ni mkwe wake.

Mama Marguerite akainuka. Watu wakampisha, wakidhani anaondoka kwa hasira. Lakini yeye alikamata kiti chake, akakigeuza, akakaa akiwatazama watu, mgongo kwa jukwaa.

"Mukwe wangu," akasema, bila kugeuza shingo, "nimetembea tangu Wamaza. Sikuoni. Kula!"

Uwanja ukalipuka. Grégoire akashika paja la kuku kwa mikono miwili.

"Anafanya nini sasa?" Mama Marguerite akawauliza waliokuwa mbele yake.

"Anaficha paja ndani ya kofia, mama!"

"La kulia ama la kushoto?"

"La kulia!"

"Na mafuta?"

"Yanamwagika masikioni!"

Mabega ya yule mama yakatikisika. Kila alipouliza, watu walicheka mara mbili, kwanza kwa Bwana Tumbo, halafu kwake. Shefu alijifuta machozi kwa kofia yake mwenyewe. Kuku alipobaki mifupa, akasimama.

"Chukueni depo," akasema. "Mbuzi watajitafutia."

Grégoire mwenyewe ndiye aliyepaka kuta chokaa na kufungua madirisha. Baadaye yeye na Léontine wakahamia Kabambare, na chama kikamweka afundishe watu wazima kusoma. Mama Marguerite naye akataka kusoma. Sasa je? Akawa anakaa nje, chini ya dirisha, mgongo kwenye ukuta, anafuatisha herufi kwa kusikia. Grégoire aliandika kwenye kibao cha shule, Léontine akakizungusha kwa mama yake, kikarudi na alama za chaki zinazopanda na kushuka.

Siku moja kibao kilirudi na maneno ambayo Grégoire hakuwa amemwandikia. Herufi zilikuwa kubwa, zimejaa hadi pembeni: KUKU ILIKUWA TAMU?

Alisimama mbele ya darasa lake, akacheka mpaka chaki ikamwanguka. Halafu akaiokota, akaandika chini yake, "Tamu sana, mama," na Léontine akakizungusha tena kule nje.