Muda Umetutupa Mkono

Juzi nilialikwa hospitalini hapa Sumbawanga, kwenye mafunzo ya chama cha wataalamu wanaofundisha madaktari na wauguzi kuwapima majeruhi kwa utrasaundi, ili waone mapema kama damu inavujia tumboni.

Mzee mmoja kutoka Mollo alikuwa amejitolea wajifunzie kwenye tumbo lake. Mwanawe alianguka na pikipiki, akavuja damu kwa ndani. Mashine ilikuwepo, wa kuitumia hakuwepo; kijana akafariki. Sasa baba mtu alikuwa amelala kifua wazi kwenye baridi yetu hii, tumbo limepakwa jeli ya kupimia.

Kabla ya kuanza, viongozi wakaomba wasalimie kidogo. Mwenyekiti akasema, "Itifaki imezingatiwa," kisha akavitaja vyeo vyote upya, kimoja kimoja. Makamu wake naye hivyo hivyo. Mlezi akasimulia alivyopigiwa kura. Mimi nilikuwa naitazama jeli ikikauka na mzee akitetemeka.

Saa saba mchana katibu akatazama saa yake. "Ndugu zangu, muda umetutupa mkono. Vitendo tutavipangia siku nyingine. Chakula tayari."

Mzee akainuka, akajifuta tumbo kwa shati lake.

"Shikamoo mzee. Utusamehe," muuguzi mmoja akamwambia.

"Marahaba, mama. Hata kwa mwanangu walituambia hivyo. Muda umetutupa mkono."

Nje, viongozi walikuwa wakijipanga kwa picha ya pamoja, kila mtu kwa cheo chake. Itifaki, nawahakikishia wasomaji, ilizingatiwa.