Batatu Benye Kukataa Kusemezana, na Muguu ya Mutoto Wangu

Mufiche jina yangu, tafazali, juu bwana yangu anatumika mu kampuni ya shaba na tunaikala mu nyumba yabo, mu kambi ya batumikaji. Niko mama wa miaka makumi tatu na moya, batoto bane, hapa Lubumbashi. Naandika na hasira, na sitaipunguza.

Mutoto wangu wa tatu, mwanamuke, aliruka mufereji akavunjika muguu. Ku hospitali ya kampuni munganga akamutia plâtre, ile bandeji ngumu ya kushika mufupa. Akasema na Kifaransa, infirmière, muuguzi wake, akanigeuzia na Kiswahili: "Itatoka kisha mwezi moya. Rudia kambini, mutaitwa." Ule infirmière ni mulamu wangu, dada ya bwana yangu. Nikamuamini.

Kule kambini kuko assistante sociale, mama mwenye kupita mu nyumba kuangalia batoto na kutufundisha kushona. Hospitali ikimutumia neno, ni yeye njo anakuya kutuita. Mwezi ikaisha, nikamuuliza. "Mama, habajanitumia neno. Ngoya." Nikaenda miye mwenyewe. Mulinzi akasimama ku mulango: "Nani amekuita? Hakuna? Basi rudia!" Mwezi ya pili ikaingia, mu plâtre harufu ikaanza kutoka. Njo nilimubeba ku mugongo, nikalalamika pale mulangoni paka munganga mwenyewe akatoka. Balipopasula ile plâtre, Mungu wangu! Kidonda ilikuwa imefika ku mufupa, na muguu imekuwa nyembamba kama mwiko ya kusonga bukari, ugali yetu. Nililia mbele ya bantu bote, sikusikia haya.

Na munajua sababu? Munganga alizani infirmière ametuma neno. Infirmière alizani assistante atakuya kuuliza, akasema: "Miye na diplome yangu nikimbilie mushonaji?" Assistante naye: "Kule bananiita mama wa sindano, hata salamu habanipe. Niende kufanya nini?" Bantu bazima! Kiburi yabo, na mutoto wangu njo analipa.

Sasa mukubwa wa hospitali anataka jina moya ya mwenye kosa. Mulamu alikuya na unga na samaki ya kukauka: "Mulamu, sema ni ule mama wa kushona. Siye tuko jamaa moya." Alipotoka, assistante akaingia, akafunga mulango: "Citoyenne, mwananchi mwenzangu, utamufichia juu ni wa kwenu?" Munganga yeye alinisimamisha mu couloir, ile njia ya ndani ya hospitali: "Mama, ni wewe njo haukuleta mutoto." Mawe! Miye mwenye kufukuzwa ku mulango! Na bwana yangu anasema nikitaja dada yake, nifunge bintu yangu nirudie kwa baba.

Niliomba kitu moya tu: batatu baikale mu chumba moya, mutoto katikati, basemezane. Bote bakakataa. Lakini munganga huyu huyu anasema muguu inaweza kunyooka: yeye apasule muguu, mulamu afunge kidonda, assistante akuye kumutembeza nyumbani. Moya akikosa, mutoto wangu atabakia kiwete. Nikitaja mutu, atafukuzwa, na kazi ya batatu inavunjika. Nikinyamaza, kosa inaandikwa juu yangu, na bao banaendelea vile vile, kila mutu na mulango yake.

Jana mutoto aliniuliza: "Mama, ni miye njo nilikosa, juu niliruka?"

Bandugu benye kusoma, mbele ya ule mukubwa nitaje nani? Munishauri mbio, miye nimeshindwa.