Ndoo Iliyokosa Harufu

Hata leo nikipita karibu na zahanati yetu hapa Lituhi, naangalia chini.

Siku zile za korona redio ilisema asiyesikia harufu ajihadhari. Mimi nauza usipa, samaki wadogo wa ziwa letu, ambao hata ukiwafunika kwenye ndoo harufu inakupokea mlangoni. Basi kila asubuhi nikawa nainusa ndoo yangu jikoni. Ijumaa moja niliinamia mfuniko, nikavuta pumzi mpaka kizunguzungu. Hakuna kitu.

Jana yake tu nilikuwa nimeimba kwaya, bega kwa bega na wazee. Nikajifungia chumbani, nikamtuma mume wangu amwite nesi wa zahanati, mama yake na wanakwaya. Wakasimama uani mbali mbali, barakoa usoni, wengine wanalia. Kupitia dirisha nikawaomba msamaha mmoja mmoja. Nilikuwa nimefika kwa mama mkwe, namkabidhi wanangu, nikajikuta nimepaza sauti:

"Baba Osmunda, maharage yanaungua!"

Nesi akasogea.

"Mama Osmunda, umejuaje?"

"Si nasikia har..."

Mume wangu akajikuna kichwa.

"Kwani ulinusa ndoo ipi? Ile ya usipa? Usipa niliuhamishia kwenye gunia jana. Ndoo nimeiosha kwa sabuni, nataka niitoboe niweke koki ya kunawia mikono."

Mama mkwe akashusha barakoa yake taratibu, ili nione vizuri anavyonitazama.