Mgeni Mlangoni

Mchezo huu niliutunga mwenyewe, na kuna siku natamani nisingeutunga. Nilikuwa nafundisha kompyuta katika sekondari moja hapa Gongoni, na kila Jumamosi nilibaki na wanafunzi wa kidato cha pili tukijifunza kujilinda mtandaoni. Kila mtoto anaandika neno lake la siri kwenye karatasi, anaikunja. Mmoja wao anakuwa mgeni mlangoni, na kazi yake ni kulipata neno hilo kwa maneno matupu. Ukilitoa, umetoka.

Jamani, walikuwa wanatoka wote! Mgeni anakohoa, anaigiza sauti ya kizee, anasema, "Hujambo, mwanangu?" Basi. "Shikamoo!" Mgeni akishaitika marahaba, mtoto hana tena ubavu wa kumnyima kitu. Nawafokea, "Huyo ni mwenzenu, anakaa dawati la nyuma!" Wanacheka, wanarudia yale yale. Nilichoka mpaka basi.

Aliyeniumiza roho zaidi ni binti mmoja wa Urambo, aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake ili asome. Mwaka uliotangulia mtu alimwandikia kwenye simu akijiita babu wa ukoo, akamwomba neno la siri, naye akampa kwa heshima zote. Mtu huyo akaingia kwenye akaunti yake, akawatumia ndugu matusi kwa jina lake. Baba yake alipanda treni akaja, akaniambia binti akisikia: likitokea tena, anarudi Urambo kwenye tumbaku, na shule basi. Nikamwahidi kwamba nitamfundisha.

Tangu hapo Jumamosi zangu zote zikawa ni yeye tu, na kila Jumamosi akawa wa kwanza kutoka. Siku moja nilimwambia, kwa hasira kabisa, "Heshima yako iweke kwenye magoti. Mdomo ufunge!"

Hilo likamwingia.

Muhula ulipokaribia kwisha, baba alikuja kuona. Wageni watatu walimjia binti yake, mmoja kwa sauti ya bibi, na wote akawaamkia, akawanyima. Nilifurahi hata nikasahau kufikiri. Nikasema, "Mzee, hebu jaribu na wewe."

Akasogea. "Mwanangu, neno lako ni lipi?"

Binti akapiga goti. "Shikamoo, baba. Neno silitoi."

Darasa zima likapiga makofi. Mzee hakucheka. Akamwuliza tena, taratibu, naye akajibu vilevile, huku akinitazama mimi.

"Mwalimu," baba akasema, "yule wa kwenye simu alipewa. Mimi niliyemzaa nanyimwa."

Nikaeleza kwamba ni mchezo, kwamba hiki ndicho nilichomwahidi. Nikaeleza mpaka jasho likanitoka. Alinisikiliza kwa adabu, akaniaga kwa adabu, akamwambia binti akafunge mizigo. Jumatatu shangazi akaja kuchukua madaftari.

Hasira hii sijui nimpelekee nani. Kanuni za mchezo niliziandika mimi, na za mzazi kuuliza sikuziandika. Siku ile wakati anatoka, binti alinishikisha karatasi yake, ikiwa imekunjwa. Ninayo mpaka leo, na sijaifungua.