Nani Atakufumua Kisogoni?

Jumamosi nilikuwa saluni pale Bellevue, mtaani kwetu huku ugenini, nikingoja zamu yangu kwa msusi wetu Mkongo. Kitini alikaa mama mmoja wa Kitanzania, mwenye miaka hamsini hivi, akisukwa rasta ndogondogo za nywele bandia, za kukaa miezi mitatu. Alikuwa anakwenda Vietnam kwa muda huohuo, kuizunguka nchi nzima kwa basi na treni.

“Na mzee?” aliyeketi jirani yangu akauliza.

“Mzee hayupo. Nakwenda peke yangu.”

Eish, saluni nzima ikaguna! Huyu akataka kujua atakula nini, yule akiugua je. Nami, naungama, nikaleta langu: “Na rasta za kisogoni, nani atakufumua?” Maana sisi kisogoni hufumuliwa na dada au binti.

Mama aliyekuwa na jibu la kila swali akajishika kisogo.

Msusi akaweka kitana chini, akaushika mkono wa mteja wake na kuupeleka nyuma ya kichwa, kidole kwa kidole. “Kata hapa, nywele zako zinapoishia. Fumua polepole, na usitazame kioo, kitakuchanganya. Mimi nilitoka kwetu Uvira mpaka huku niko peke yangu, mama. Nilijifumua njiani.”

Mama akajaribu mwenyewe, kidole kwa kidole.

Asubuhi nzima tulimwogopea mwenye tiketi ya kurudi. Msusi huyu ananisuka mwaka wa saba sasa, na sijawahi kumuuliza alikuja na nani.