Mnara Upande wa Kulia

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya bendera, Louisville, nilipewa mkasi nikaambiwa nisiuguse. Bon, nikatii. Msimamizi wa Sakafu alinikalisha kwenye mapindo, yaani kukunja kingo za bendera na kuzishona mara nne ili upepo usizichane. Mimi niliyeshona suti za maharusi Uvira, kwetu Kongo! Lakini kutoka kwangu, mtaa wa Iroquois, mpaka kazini, Shively, ilikuwa basi moja tu, na mtu asiyependa kutoka nyumbani kama mimi hahitaji sifa nyingine ya kazi. Nikapinda kwa miaka.

Halafu wakanihamishia Columbus, kwenye meza ya ngao, yaani nembo zinazoshonwa katikati ya bendera. Mke wangu alifunga mizigo akiimba. Mimi nililiaga kochi. Mkubwa wangu mpya, Fundi Mkuu, alikuwa mama wa Tanga.

“Baba Neema,” alisema, “ukiharibu ya kwanza, unarudi kwenye mapindo. Na hata mkeo atakucheka.”

Ya kwanza ilikuwa bendera ya manispaa ndogo ya Hispania, mji ambao watu wake wote wangeenea kanisani kwetu. Meya wao alikuwa anakuja Columbus kuipandisha Jumamosi, kwenye sherehe ya urafiki wa miji. Kitambaa kijani kitupu. Katikati ngao, yenye mnara na mzeituni, taji juu. Maelezo yalitaka mnara kulia. Nikauweka kulia. Tulishona kwa kubandika: kipande juu ya kitambaa, unakizungushia uzi, kisha unakata kitambaa cha nyuma ili picha ionekane pande zote mbili.

Ijumaa mchana Fundi Mkuu alisimama mbele ya kazi yangu, akaweka kidole juu ya mnara.

“Kulia kwa nani?” akauliza.

“Kwangu.”

“Ngao hubebwa kifuani, mzee. Kulia ni kwa anayeibeba, si kwako unayeikodolea macho. Umewahamishia watu mnara wao!”

Wenzangu wakacheka mpaka cherehani zikasimama. Kushona nyingine kulitaka siku tatu. Niliona mapindo yananiita kwa jina.

Kwa aibu nikaigeuza bendera, nisiione. Nyuma, mnara ulikuwa umekaa mahali pake, kushoto kwangu. Kilichokosea sasa ni utepe wa turubai wenye matundu ya shaba, ule unaofungwa kwenye mlingoti: ulikuwa upande usio wake.

“Donc, tuhamishe utepe,” nikasema.

Fundi Mkuu alipitisha kucha kwenye nyuzi za nyuma akitafuta fundo. Hakupata hata moja. Mvivu wa kutoka nyumbani si mvivu wa kusafisha nyuma.

“Hamisha,” akasema. “Na usijisifu.”

Jumamosi upepo ulipoichukua, meya alipiga makofi, akausonta mnara kama mtu aliyeona paa la kwao. Akauliza nani ameshona. Fundi Mkuu akanisukuma mbele: “Huyu hapa, asiyejua kulia wala kushoto.” Mkalimani wa meya, Mungu mwema, hakujua Kiswahili.

Sikurudi kwenye mapindo. Nilikaa na ngao mpaka Buffalo, ambako Meneja wa Tawi alinipa watu wa kufundisha, na ndiko nilikostaafu, mtaa wa West Side. Vijana mnaochora ngao kwa kompyuta huniuliza nilifika wapi na sindano yangu. Meya aliomba ile bendera, akaenda nayo. Basi mimi, ambaye mama Neema hunibembeleza siku mbili nifike dukani, nina kazi inayopepea Hispania, nyuma mbele, na mji mzima unaivulia kofia.