Kompyuta ya Kupigia Picha

Mwaka ule nilikuwa wa kwanza katika somo la kompyuta, na kompyuta yenyewe sikuwa nimewahi kuigusa. Msicheke. Shuleni kwetu, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwalimu alichora vitufe vyote ubaoni, sisi tukavinakili kwenye vipande vya katoni, tukajifunza kuchapa kwa vidole kumi bila kutazama chini. Kwenye katoni yangu ningechapa hata hotuba ya waziri. Ila mtihani wa mwisho ulikuwa unafanyiwa kwenye mashine ya kweli, na nilikuwa naogopa mpaka usingizi unanikimbia.

Basi wakubwa wa mji wa Mbarara wakatuita wanafunzi watatu, na wazazi wetu, watutuze. Viti vilivalishwa vitambaa, sisi tulivaa sare zenye viraka. Mgeni rasmi alisifu teknolojia kwa muda mrefu, baada ya kushindwa kuwasha kipaza sauti. Akatuita taifa la kesho, bila kusema ni taifa lipi.

Mezani palikuwa na kompyuta moja, na katoni yake pembeni. Niliitwa wa kwanza. Mama akaambiwa atie kidole gumba kwenye wino, ionekane kwamba tumepokea. Mama yangu ni mkulima wa mahindi, mtu wa Kivu Kusini, na siku za mgao wa chakula kambini zimemfunza: ukishatia kidole, beba chako uondoke haraka, maana anayebaki kushangaa hukuta kimepungua. Akaifunga kompyuta mgongoni kwa kitenge, kama anabeba mtoto, akashika njia. Nikamfuata, aibu imenijaa.

Mwandalizi wa sherehe alitukuta uani, jasho linamtoka. Akamweleza mama kwamba kila mwanafunzi anaishika, anapigwa picha, anampa mwenzake. Kompyuta zetu wenyewe zitaletwa Nakivale baadaye.

"Mama, wewe rudisha," akasema. "Hiyo ni ya picha tu."

Mama hakugeuza hata shingo. "Baba, mimi nilishatia kidole. Na hiyo 'tutaleta' yenu nilishakula mingi, haishibishi."

Wapiga picha walikuwa wameshatoka nje. Yule bwana akaziona kamera, akameza hasira yake, akatabasamu meno yote na kutangaza kwamba mama amezidiwa na furaha. Mama wa watu hakuwa na furaha yoyote. Alikuwa anatafuta gari la kurudi.

Kompyuta ikafika nyumbani, nikajifunzia, na mtihani nilifaulu. Wenzangu wawili, waliokuwa hodari kama mimi, hawakufaulu, na hilo linanichoma hadi leo, sitaki kudanganya. Zao hazikuletwa. Lakini siku ile tulipoondoka sherehe ilikuwa haijaisha, na ilikuwa lazima picha zipigwe. Wale wawili walipewa ile katoni tupu ya kompyuta waishike pamoja, mmoja huku, mwingine huku, wakaambiwa wacheke.

Picha hiyo bado inaning'inia kwenye ukumbi ule Mbarara. Wameishika vizuri kabisa. Katoni walikuwa wameizoea.